Shahidi Aliyeiita Kamati ya Keki

Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu. Mpishi aliyeachishwa kazi anaulizwa na wakili wa mwajiri kwa nini siku fulani chakula kilichelewa. Mpishi, akiwa chini ya kiapo, anajibu:

"Gari la kuni lilikuwa halijafika. Kamati ya keki, jongeeni mbele tafadhali, kamati ya keki."

Niliyeandika hivyo ni mimi. Kwa vidole vyangu kumi, saa nne asubuhi, nikiwa nimekunywa chai tu.

Nianze na kazi, ndipo nimfikie mhusika.

Kazi yangu ni unukuzi. Baraza la kusuluhisha migogoro ya kazi hurekodi mashauri yake. Mimi nasikiliza rekodi nyumbani na kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno. Shahidi akikohoa, naandika amekohoa. Akilia, naandika amelia. Siandiki amelia kwa uchungu, kwa sababu huo uchungu sijaupima.

Mnukuzi mzuri hafikiri. Sauti inaingia sikioni, inatokea vidoleni, basi. Akili ikijipenyeza katikati unaanza kumsaidia shahidi, na shahidi hakuomba msaada wako.

Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na shauri la mpishi lilikuwa la mwisho. Likipita bila kasoro, naajiriwa. Likiwa na kasoro, asante, kwaheri.

Sasa, jirani.

Naishi kwenye nyumba ndefu ya vyumba sita vilivyopangana kama mabehewa. Paa moja, dari moja. Aliyeijenga alikuwa na haraka: kuta zinaishia kwenye dari, na juu ya dari hakuna kinachotenganisha chochote na chochote. Mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya, wa chumba cha sita anamwambia pole.

Mimi nipo chumba cha tatu. Chumba cha nne akahamia mshereheshaji.

Kama hujawahi kupakana na mshereheshaji, endelea kumshukuru Mungu. Ni yule anayeshika kipaza sauti kwenye harusi na kuwaambia watu wazima wacheke saa ngapi. Nyumba nzima tulimwita Kipaza. Lilikuwa jina la kejeli. Yeye akalipenda, akalichapisha kwenye fulana.

Kipaza alifanya mazoezi kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kwa sauti ya kujaza ukumbi wa watu mia nne, ndani ya chumba kisichotosha kitanda na meza kwa pamoja.

"Meza kuu mmependeza! Hebu geukeni tuwaone!"

Siku moja mlango wake ulikuwa wazi, nikaiona hiyo meza kuu. Ilikuwa pasi na ndoo.

"Makofi gani hayo? Tupo msibani? Narudia!"

Na kweli alirudia. Kichekesho kimoja alikisema mara kumi na saba. Nilihesabu. Hakikuchekesha mara ya kwanza, na zile kumi na sita hazikukisaidia.

Nikaenda kumgongea. Alitoka na taulo shingoni na tabasamu la mtu anayedhani ameletewa kadi ya mwaliko.

"Jirani, naomba mazoezi yako uyafanye kimoyomoyo. Nafanya kazi."

"Dada yangu, utani wa kimoyomoyo watu hawaucheki."

"Hata wa kwa sauti hawaucheki."

Akacheka mpaka akashika mlango. Huyo ndiye Kipaza: unamtukana, anapokea kama mchango.

"Hiyo kali! Niachie niitumie Jumamosi."

Aliitumia. Najua, kwa sababu aliifanyia mazoezi siku tatu.

Nikapeleka malalamiko ngazi ya juu. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anaanika mashuka.

"Mama, shikamoo. Naomba tuzungumze kuhusu chumba cha nne."

"Marahaba. Kavunja nini?"

"Amani."

"Basi hajavunja kitu changu." Akabana shuka kwa kibanio. "Mwanangu, hapo kabla yake alikaa seremala na randa yake. Kabla ya seremala, mtu na mkewe wakiachana, na walichukua miaka miwili kumaliza. Huyu anaomba makofi tu. Mpigie, yaishe."

"Nashindwa kufanya kazi, mama."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

"Ng'ombe hanukuu ushahidi."

Nikamwonyesha daftari langu. Nilikuwa nimeandika tarehe, saa, na aina ya kelele, wiki tatu mfululizo. Aliyafunua makaratasi polepole, akanirudishia.

"Una mwandiko mzuri," akasema. "Inaonekana ulisoma."

Huo ndio ulikuwa uamuzi wake. Hauna rufaa.

Nikabaki na njia moja. Hedifoni zangu zilikuwa zinapitisha sauti ya Kipaza kama chujio linavyopitisha chai. Nikazitupa kando, nikaunganisha kompyuta na spika, nikafungulia mpaka mwisho. Nilikuwa nimesaini karatasi kwamba rekodi za baraza hazitasikiwa na mtu mwingine, lakini nilijiambia kwamba mtu mwenye mdomo kama ule hana nafasi ya masikio.

Na sikuona kama napiga kelele. Kelele ni za mtu asiye na kazi. Mimi nilikuwa kazini.

Shauri la mpishi lilikuwa hivi. Mama mmoja alipika kwenye jiko la bweni la chuo. Asubuhi moja akakuta kufuli jipya mlangoni. Chuo kikasema hakikuwahi kumwajiri. Alikuwa kibarua, akiitwa kazi ikiwepo na kuondoka jioni. Yeye akasema ni mwajiriwa, na anataka jiko lake. Hakuwa na barua. Hakuwa na mkataba. Alikuwa na maneno ya mdomo wake tu.

Na mwenyekiti wa baraza aliyeyasikia maneno hayo alikuwa amehamishwa. Mwenyekiti mpya hakuwahi kumwona huyo mama. Angeamua kwa kusoma nilichoandika.

Maana yake, yule mama mzima, na jiko lake na moshi wake, alikuwa kurasa zangu thelathini na mbili. Nje ya hizo hakuwepo.

Alikuwa mgumu kunukuu. Anasema nusu, ananyamaza, anakohoa, anamalizia. Sentensi moja niliirudisha nyuma mara nyingi mpaka nikaipata. Na kwenye vile vinyamazo ndimo Kipaza alimopata nafasi. Wiki hiyo alikuwa anaandaa hafla ya kumuaga mstaafu, na siku nzima ilikuwa "tusimame", "tumpongeze", "utumishi uliotukuka". Ukitaka kujua maneno yaliyochakaa yanakwenda wapi kufa, njoo chumba cha nne.

Jumatano nikatuma kazi. Alhamisi asubuhi katibu wa baraza akanipigia. Ni mtu mkavu, hana utani hata wa kukopa.

"Dada, hili ni shauri la kazi au ni harusi?"

"La kazi."

"Kwa nini shahidi anaita kamati ya keki?"

Nilifungua ukurasa. Nikaiona.

"Ukurasa wa ishirini," akaendelea, "anasema meza kuu imependeza. Mimi nakijua chumba kile cha mashauri. Hakuna aliyewahi kupendeza mle."

"Ni sauti ya jirani. Imeingia. Nitarekebisha."

"Kesho saa tatu na nusu asubuhi niwe nayo. Saa sita jalada linafungwa kwa lakiri na kwenda kwa mwenyekiti. Likishafungwa, haliongezwi hata nukta."

"Nimeelewa."

"Na hiki ndicho kipimo chako cha mwisho. Sitapiga tena."

Nilipitia kurasa zote thelathini na mbili. Nikakuta uchafu wa Kipaza sehemu nne. Kamati ya keki, nikafuta. Meza kuu, nikafuta. "Makofi gani hayo, tupo msibani", nikafuta. Ya nne ilikuwa ukurasa wa ishirini na saba. Ilianza na "mabibi na mabwana" na kuishia na "utumishi uliotukuka". Katikati sikuisoma.

Ningeweza kurudi kwenye rekodi. Sehemu nne, dakika kumi. Sikurudi. Maneno ya yule mtu nilikuwa nayajua kama ninavyojua harufu ya bomba lililoziba, huhitaji kuchungulia.

Nikafuta.

Ijumaa saa tatu na dakika ishirini na tano nikatuma. Kanuni yangu ni kusoma kazi yote kwa sauti kabla ya kutuma. Siku hiyo muda ulinibana, nikatuma kwanza. Halafu nikakaa na nakala yangu nikaanza kuisoma, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Chumba cha nne kilikuwa kimya. Nilisikia pasi ikiteleza kwenye nguo. Nikasoma kwa raha. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie, sauti iliyokuwa inatawala ile nyumba ilikuwa yangu.

Nikafika ukurasa wa ishirini na saba.

"'Siku ya kufunga mwaka walituita wote ukumbini. Mkuu wa chuo akanisimamisha mbele ya watu. Nikarudi jikoni, sufuria zilikuwa...'"

Ukuta ukagongwa. Mara tatu.

"Dada! Umeruka!"

Nilidhani anafanya mazoezi.

"Dada wa chumba cha tatu! Hapo umeruka! Kuna maneno baada ya 'akanisimamisha mbele ya watu'."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila umeruka."

"Endelea na pasi yako."

Pasi ikawekwa chini. Kisha ukutani ikapita sauti ambayo haikuwa ya Kipaza. Ilikuwa ya mpishi, na kikohozi chake, na kile kinyamazo chake cha katikati.

"Mkuu wa chuo akanisimamisha mbele ya watu. Mabibi na mabwana, tusimame... tumpongeze mama yetu huyu, kwa miaka kumi ya utumishi uliotukuka. Nikarudi jikoni."

Nywele za shingo zilinisimama. Sikupenda zilivyosimama.

"Hayo ni maneno yako!" nikamwambia. "Wiki nzima unayapigia kelele hapo! Mstaafu wako! Utumishi uliotukuka!"

"Mstaafu wangu ni mzee wa kiume, dada. Fundi umeme. Miaka thelathini na minne kazini. Nisimame nimwite 'mama yetu huyu' mbele ya mkewe na wajukuu? Si watanipiga na viti?"

Jinsia tofauti. Miaka tofauti. Yote mawili yalikuwa kwenye sentensi, katikati, pale ambapo sikusoma.

Nikashika lililobaki.

"Wewe umejuaje ushahidi wa watu?"

"Nimejuaje?" Akacheka, lakini si kile kicheko chake cha ukumbini. "Dada, wiki mbili naishi na huyo mama. 'Nilikuwa nawasha moto saa kumi alfajiri.' Inarudishwa nyuma. 'Nilikuwa nawasha moto saa kumi alfajiri.' Mara arobaini! Mwanzo nilimchukia. Baadaye akanikaa kichwani. Jumamosi ilibaki kidogo niwaambie watu bibi harusi anawasha moto saa kumi."

"Kwa nini hukuja kulalamika?"

"Nilijua ni kazi."

Alisema hivyo tu. Hakuweka utani mwishoni. Ningefurahi kama angeweka.

Nikafungua rekodi. Saa ya pili, dakika ya kumi na tisa. Nikaisikiliza kwa hedifoni safari hii. Ilikuwepo. Sauti ya mama, kikohozi, kinyamazo, miaka kumi.

Saa yangu ilisema saa nne na dakika thelathini na tano.

Nikampigia katibu. Haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi. Nikachapa ukurasa wa ishirini na saba upya, nikavaa viatu, nikatoka. Kipaza alikuwa amesimama mlangoni na shati nusu limenyooshwa.

"Twende wote? Nikathibitishe?"

"Ukikanyaga pale tumekwisha wote wawili. Kaa hapohapo."

"Poa. Ila dada, ukisoma mbele yao usikimbie pale katikati. Yule mama hakukimbia."

Hata kwenye ajali huyu mtu anatoa mafunzo ya kushika kipaza sauti.

Njiani nilikuwa na jambo moja la kupanga. Katibu angeuliza nimegunduaje. Nikimwambia ukweli, nakiri kwamba nimemsikilizisha jirani shauri la siri kwa wiki mbili. Hapo hakuna ajira. Nikimwambia nimesikiliza tena rekodi, nabaki na nafasi. Na sitakuwa nimedanganya, kwa sababu kweli nilisikiliza tena.

Nilifika saa tano na dakika kumi. Jalada la mpishi lilikuwa mezani, kamba imeshafungwa. Kijiti cha lakiri kilikuwa mkononi mwa katibu.

"Naomba usifunge," nikasema. "Kuna sentensi ya kurudisha."

"Kurudisha? Jana ulikuwa unaondoa."

"Niliondoa na ya shahidi. Hii hapa. Dakika yake kwenye rekodi nimeiandika pembeni."

Alitafuta rekodi yake mwenyewe, akaisogeza mpaka dakika niliyoandika, akasikiliza. Akarudisha. Akasikiliza tena huku kidole kikipita kwenye karatasi yangu.

"Unajua hii ni nini?"

"Mkuu wa chuo anampongeza hadharani, kwa miaka kumi ya utumishi, mtu ambaye chuo kinasema hakikuwahi kumwajiri."

"Bila hii?"

"Bila hii ni mama anayepita ukumbini akirudi jikoni."

Akafungua kamba. Akatoa ukurasa wangu wa zamani, akaingiza mpya. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Umeigunduaje?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilisikiliza tena. Maneno mawili, yote ya kweli. Lakini nimeshanukuu mashahidi wengi wa maneno mawili yote ya kweli. Kwenye rekodi huwa wanameza mate kwanza. Na mimi nilikuwa nimemeza.

"Jirani yangu ndiye aliyeniambia," nikasema. "Nilikuwa nafungulia rekodi kwa spika ili kuishinda sauti yake. Amelisikia shauri lote."

Katibu akavua miwani.

"Jirani yako. Yule wa keki."

"Huyo."

"Alisikia kiasi gani?"

"Neno kwa neno. Na vikohozi."

"Na wewe, ambaye ndiyo kazi yako, ulisikia nini?"

"Nilichotarajia."

Akaifuta miwani yake. Akaivaa. Akafunga kamba, akayeyusha lakiri, akagonga mhuri. Saa tano na nusu.

"Asante kwa kuja," akasema. "Kitambulisho utakiacha mapokezi."

Nilikiacha.

Uamuzi ulitoka wiki tatu baadaye. Mpishi alirudishwa kazini. Mwenyekiti mpya alinukuu ushahidi wake mara moja tu, kutoka ukurasa wa ishirini na saba. Simfahamu huyo mama, hanifahamu, na hakuna sababu ya kufahamiana. Nilimwondolea miaka kumi kwa kidole kimoja na nikairudisha zikiwa zimebaki dakika hamsini. Hilo halistahili shukrani.

Mimi siku hizi nanukuu mikutano mikuu ya vyama vya ushirika, ambako hakuna siri kwa sababu hakuna anayesikiliza. Nimenunua hedifoni za maana. Spika nimempa Kipaza, naye, kama ilivyotarajiwa, anaitumia.

Wanaosubiri niseme tumekuwa marafiki watasubiri sana. Utani wake bado ni mbovu. Juzi aligonga ukuta akaniuliza kichekesho fulani nakionaje, nikamwambia kifute chote. Akasema, "Dada, wewe na kufuta." Hicho kilikuwa kizuri kidogo. Sikumwambia.

Somo, kwa wale wanaosoma mwisho tu.

Kama jirani yako anakusumbua, mwambie, mshtaki, au hama. Kumdharau nako si kosa la jinai, na wapo wanaostahili. Lakini dharau isiingie kazini. Ukipimia kwa dharau utapata jibu haraka sana, na jibu hilo litakuwa lilelile ulilokuja nalo kutoka nyumbani.